Kura ya Fiifi wa Nsuano

Jimbo la Nsuano si kubwa. Ukitoka karakana ya reli kwa miguu ukaelekea sokoni, unalimaliza kabla jasho halijakutoka. Lakini kwa mambo ya kura, wabishi wa pale hawana mfano. Wanajeshi waliporuhusu vyama virudi, chama cha Kengele kilishinda kwa kura mia tatu. Uchaguzi uliofuata, chama cha Ngao kikalinyakua kwa kura themanini na mbili, na wengine wakanuniana hadi leo. Fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Reli alikataa kumshonea shemeji yake nguo za msiba, eti msiba wa watu wa Ngao haumhusu. Mtu mzima na ndevu zake!

Maame Ekua Tandoh alikuwa wa Kengele, kama marehemu mumewe aliyekuwa kuli wa reli. Kila siku aliuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka yanayofungwa kwa majani, kwenye kona ya shule ya msingi. Siku ya kura aliketi darasani katika shule hiyohiyo kama wakala wa chama, kuangalia asije mtu akaiba. Kiti cha pili, cha wakala wa Ngao, kilikuwa cha Paa Quansah, dereva wa treni aliyestaafu. Walipingana kwa kila kitu isipokuwa chakula. Ikifika saa sita mchana Maame Ekua alikwenda nyumbani kuleta sufuria la kenke na samaki wa kukaanga, akawalisha wote, makarani, polisi na Ngao pia.

"Maame, umetia nini kwenye pilipili hii?" Quansah alikuwa akimchokoza. "Mbona nahisi kidole kinataka kwenda kwenye Kengele chenyewe?"

"Kula, mzee, acha maneno. Hivyo mlivyozoea njaa huko Ngao, shibe inakuchanganya akili."

Kwa kuwa magoti ya Maame Ekua yalikuwa yamechakaa, miaka ya karibuni Quansah ndiye aliyefuatana naye kulibeba lile sufuria. Walitoka pamoja na kurudi pamoja. Kituo kizima kiliujua utaratibu huo, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Miezi miwili kabla ya uchaguzi wa safari ile, mwenyekiti wa Kengele jimboni, Paa Egyir mwenye ghala la mbao, alimwita.

"Maame, nimesikia Ngao wanataka kupiga kura kwa majina ya watu wasiokuwepo. Wewe unazijua nyumba zote. Hebu tuandikie nani amekufa, nani amesafiri, ili mawakala wetu wawe macho."

Enzi hizo daftari la wapiga kura lilikuwa majina matupu, halina picha wala mashine ya vidole. Maame Ekua akanunua daftari la shule, akapita mlango kwa mlango wiki tatu nzima na magoti yake yaleyale. Wafu aliwaandika ukurasa mmoja, wasafiri ukurasa mwingine. Jumla wakawa arobaini na mmoja. Msafiri wa mwisho alimwandika akiwa peke yake nyumbani, na kalamu ilimwia nzito: Fiifi Tandoh.

Fiifi alikuwa mwanawe wa pekee. Alijiandikisha kupiga kura alipotimiza miaka kumi na minane, akajisifu mtaa mzima kwamba sasa naye ni mwenye nchi, kisha hata kabla ya kupiga kura moja akashika njia ya Libya. Alipiga simu mara moja tu, kutoka Agadez: "Maame, kesho tunaingia jangwani. Usilie." Miaka sita ikapita. Mmoja wa waliorudi alisema lori lao liliharibika mchangani na watu wakatawanyika. Mwingine alisema amemwona mjini Sabha, hukohuko Libya, akijenga ukuta wa Mwarabu. Maame Ekua aliyashika hayo ya ukuta. Kila aliyemuuliza alijibiwa neno moja, "Atakuja," mpaka watu wakaacha kumuuliza.

Siku ya kura ilikwenda vizuri. Mchana yeye na Quansah walifuata sufuria kama kawaida, na Kengele wakamleta kijana wao Ato amshikie kiti kwa muda, cha Ngao kikabaki kitupu. Saa kumi na moja kituo kilifungwa. Karani akaanza kuhesabu alama za vema kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa, mawakala wakichungulia kila mmoja kwa upande wake. Wakafika herufi ya T. Mbele ya jina la Fiifi Tandoh palikuwa na alama ya wino mwekundu.

Maame Ekua aliweka kidole juu yake. "Karani, huyu amepiga kura?"

"Alama si hiyo, mama? Amepiga."

"Saa ngapi?"

"Itakuwa mchana. Watu mia sita, mama yangu, nitamkumbuka yupi?"

Quansah akamtazama usoni. Maame Ekua alitia saini fomu ya matokeo bila kuisoma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka mbio na magoti yake mabovu.

Mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa vilevile alivyouacha. Hakukata tamaa. Alijua vijana wanaorudi kutoka Libya mikono mitupu huona aibu, hujificha kwa rafiki siku mbili tatu kabla ya kujitokeza kwa mama. Akafagia chumba cha Fiifi, akabadilisha shuka. Akatwanga chikichi, akapika mchuzi wa mawese na kaa, ule ambao Fiifi alikuwa akiula mpaka anaramba kiganja. Aliimba huku akipika, na jirani aliyemsikia alidhani ni furaha ya Kengele.

Asubuhi matokeo yalitangazwa. Kengele wameshinda kwa kura tisa. Ghalani kwa Egyir palikuwa na ngoma, spika na watu waliojipaka chokaa ya ushindi usoni. Maame Ekua akapenya hadi katikati, kitambaa cheupe cha furaha kichwani.

"Paa Egyir! Fiifi amerudi! Amepiga kura kituoni kwangu, nimeona kwa macho yangu! Nani amemwona? Amefikia kwa nani?"

Wanaume wakaanza kutazama viatu vyao. Mama mmoja akapunguza sauti ya spika. Ato, aliyekuwa amelewa tangu alfajiri, ndiye aliyemwaga mtama.

"Fiifi gani tena, Maame? Fiifi si ndiye mimi! Na mzee Amissah wa nyuma ya soko pia mimi, tena yeye yuko kaburini kabisa!" Akacheka. Alicheka peke yake.

Egyir akamshika Maame Ekua mkono. "Lile daftari lako ndilo limetuokoa. Kura tisa tu, Maame. Chama hakitakusahau."

Maame Ekua akauchomoa mkono wake. Alirudi nyumbani, akakuta mchuzi umeganda utando mwekundu juu. Akaumwaga uani, sufuria zima, na akakaa chini palepale alipoumwagia.

Ngao wakafungua kesi. Quansah alikuja kumwona mara moja, akasimama nje ya uzio. "Ekua, mimi ndiye niliyebeba sufuria," alisema. "Wametuibia tukiwa tumebeba chakula chao." Hakumwomba kitu. Egyir ndiye aliyeomba.

"Wewe useme alikuja, basi. Alikuja asubuhi, akapiga kura mchana, akarudi zake Libya. Hakimu gani atabishana na mama mzazi?"

Hapo ndipo shetani alipomjia kweli. Si kwa sababu ya chama. Chama kilikuwa kimeshamtoka moyoni. Ni kwamba maneno yale yalikuwa matamu. Alikuwa akiyasema akifunga kenke: alikuja asubuhi, alikuwa amekonda, nikamlisha. Angeyasema mbele ya watu na karani angeyaandika kwa mashine, na ingebaki kwenye karatasi ya serikali kwamba siku fulani, mwezi fulani, Fiifi Tandoh alikuwa hai Nsuano. Ni mama gani asingeitaka karatasi hiyo? Wiki mbili hakulala sawasawa kwa kuitamani.

Mahakamani chumba kilijaa hadi madirishani. Wakili akauliza, "Mama, siku ya uchaguzi mwanao alikuja au hakuja?"

Maame Ekua akageuka kuwatazama watu. Egyir, kwenye benchi la mbele, alikuwa akimtikisia kichwa polepole kwamba ndiyo.

"Hakuja," alisema.

"Una hakika gani? Huenda alipita usimwone."

"Fiifi aje Nsuano asije kwangu? Awaone nyinyi kwanza?" Akamgeukia hakimu. "Hakuja, bwana. Mwanangu hakuja."

Miezi mitatu baadaye kura zilirudiwa na Ngao wakashinda, na hadi leo kuna wanawake wa Kengele wanaovuka barabara wakiiona meza yake ya kenke. Lakini hilo yeye hakulihesabu. Kilichomvunja kilikuja asubuhi ya pili tu baada ya mahakama. Mkuu wa ukoo wao, Nana Baidoo, aliingia uani na dada wawili wa ukoo, wote wamevaa nguo nyeusi.

"Ekua, tumesikia uliyoyasema mbele ya hakimu."

"Nimesema hakupiga kura, Nana."

"Umesema hakuja." Mzee aliketi karibu naye, akasema kwa upole. "Miaka sita tumeogopa kumlilia, maana mtoto anayesubiriwa na mama yake haliliwi. Juzi ulilisema mwenyewe mbele ya watu wote. Basi turuhusu, mwanangu. Tutaje Jumamosi ya msiba."

Maame Ekua alifungua mdomo kulisema lile neno lake la siku zote. Halikutoka. Alijaribu tena, akiwatazama mmoja mmoja kama mtu anayeomba asaidiwe kulitamka, na dada mmoja akaanza kulia kabla yake.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema.

Ndipo akapiga yowe. Walilisikia majirani wa pande zote mbili, Kengele na Ngao, wakaacha walichokuwa wakifanya na kuja. Wa kwanza kufika alikuwa Quansah, bila viatu.