Sura ya Noreen kwenye Tangazo la Kazi Yake

"Mmeninadi! Mmenianika mbele ya dunia nzima na wavu wangu wa nywele kichwani! Huko China sasa hivi wanajua jino langu gani lina kasoro, na kazi yangu mwenyewe mnamgawia mtu baki!"

Hivyo ndivyo Noreen Ogden alivyoingia ofisini kwa mwalimu mkuu Jumatatu ile, saa nne na nusu asubuhi, aproni kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko. Hodi hakupiga. Na Noreen ni mtu wa kupiga hodi hata kwenye stoo yake ya viazi, kwa hiyo Glenys, karani wa shule, aliweka chini kikombe chake cha chai, akasogeza kiti taratibu mpaka karibu na mlango ulioachwa wazi.

"China haijafika, Noreen," alisema Bi. Whitlow, mwalimu mkuu. "Picha imesambazwa mara mia tatu na kumi na mbili tu."

"Tu!"

"Hebu keti kidogo tuongee."

"Nikiketi nitakujazia unga kwenye kiti, halafu utakipiga picha utafute mfagiaji."

Glenys alijiziba mdomo kwa mkono.

Noreen alikuwa na haki ya kuwaka. Miaka ishirini na mitatu yumo kwenye jiko lile. Aliingia akiwa wa kuosha trei, akapanda kwenye viazi, kutoka viazi akapanda kwenye unga. Miaka miwili nyuma, magoti ya mpishi mkuu mzee yalipogoma kabisa, mama wa watu alimkabidhi Noreen funguo, akaenda kupumzika. Tangu siku hiyo Noreen anakaimu. Kukaimu ni kufanya kazi yote, ila jina la kazi limetundikwa juu usipofika. Watoto mia mbili anawalisha kila siku ya Mungu. Jumatatu pai ya jibini na vitunguu, Ijumaa samaki na chipsi, na ile keki yenye kastadi ya pinki ambayo mpaka leo wanaume wenye vipara humsimamisha barabarani wakamuuliza kama bado inapikwa.

"Nafasi ikitangazwa tu, ni yako," walimwambia wote. Noreen akangoja itangazwe.

Sasa, kazi katika mji wetu huu, chini ya kilima cha Pendle, kaskazini mwa Uingereza, hutangazwa mahali pawili. Kwanza, gazeti la Alhamisi. Pili, ubao wa korido, pale kwenye misumari ya makoti, karatasi yenye mhuri na pini nne. Mama yake Noreen alipata kazi ya kiwanda cha nguo kwa gazeti lile. Mumewe alipata kazi ya gereji ya mabasi kwa gazeti lile. Yeye mwenyewe, kipande cha tangazo lake mwaka alioajiriwa alikikata kwa mkasi, na bado kimo ndani ya kopo la biskuti. Basi miaka miwili mizima kila Alhamisi alinunua gazeti, akalifungua kwa nyuma, akapitisha kidole kwenye kazi zote mpaka ya mwisho, kisha akasoma waliokufa. Kazi yake haikutoka. Waliokufa walitoka wengi.

Bi. Whitlow alikuja Septemba, na tusimwonee, aliikuta nyumba inawaka moto. Darasa la watoto wa miaka tisa halikuwa na mwalimu tangu Pasaka. Akatangaza gazetini mara mbili, akampata mwombaji mmoja, na huyo aliuliza kama anaweza kufundisha akiwa Hispania. Ndipo akaenda kwenye semina, akaambiwa watu siku hizi hawako kwenye gazeti, wako kwenye simu. Wape sura, wape kicheko, wazazi watakusambazia. Akarudi akawapiga picha watoto na kuku wa bustani ya shule, akaweka kwenye ukurasa wa shule mtandaoni. Wiki mbili, waombaji kumi na wanne! Na mwalimu aliyepatikana ni mwalimu kweli, hilo hata Noreen habishi.

Lakini aliyevua kwa ndoano jana, leo hatafuti nyavu. Januari alikuja jikoni na simu yake. "Noreen, inua hiyo pai. Tabasamu." Noreen akadhani ni za jarida la wazazi. Akainua trei, wavu ukamlalia upande, na akacheka kweli kweli kwa sababu Glenys alikuwa nyuma ya mwalimu mkuu anakunja uso kama bibi aliyelamba ndimu. Picha ikatoka nzuri. Hapo ndipo panapouma, ilitoka nzuri sana.

Chini yake pakaandikwa: "Je, huyu anaweza kuwa wewe? Tunatafuta mpishi mkuu. Maombi ni kupitia ukurasa huu tu. Mwisho Ijumaa saa sita mchana."

Noreen simu anayo, ya vibonyezo, ya kumpigia dada yake aliyeko Burnley. Zaidi ya hapo hana habari nayo.

Kuanzia wiki ile mji mzima ukaanza kumchekea. Sokoni mtu anampungia mkono. Kwenye foleni ya posta mama mmoja asiyemjua anamwambia, "Hongera, unastahili!" Noreen alikuwa ametoka kushika nafasi ya pili kwenye shindano la pai la kanisani, nyuma ya mke wa mchungaji, na akaona ajabu watu kuishangilia nafasi ya pili namna ile. Kidogo kidogo akaanza kuamini kwamba mji umekataa matokeo. Akawa anaitikia kwa unyenyekevu, "Ahsanteni, ahsanteni, haki ya mtu haipotei." Masikini.

Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Umeomba?" Kwetu huku mtu hamuulizi mwenzake habari za kuomba kazi. Ni kama kumuuliza uzito wake. Glenys aliliona tangazo siku ya kwanza, akadhani Noreen ameomba, akanyamaza kwa adabu. Mji mzima ukanyamaza kwa adabu mpaka Ijumaa ikapita.

Asiye na adabu alikuwa mmoja tu, Entwistle muuza jibini. Jumatatu ile saa moja asubuhi Noreen alikwenda sokoni kuchukua jibini la pai kama kawaida.

"Umetoka kama bibi harusi, bibie," Entwistle alisema huku akifunga. "Mpwa wa mke wangu, Craig, yule mpishi wa hoteli ya Blackpool, kaona picha yako kaomba siku hiyohiyo. Anasema jiko lenye mama mchangamfu hivi, hata mshahara hajauliza. Alhamisi ana usaili. Utamshika mkono, eh?"

"Picha gani?"

Entwistle akamwonyesha. Noreen alisimama pale na kilo nane za jibini kifuani, anajitazama anavyocheka.

Hata hivyo alikwenda kazini. Akakanda unga, akakata vitunguu, akajaza pai, akaziingiza kwenye oveni. Watoto hawana kosa. Alipofunga mlango wa oveni ndipo alipopanda korido.

"Nilidhani umeona," Bi. Whitlow alikuwa anasema sasa, mashavu mekundu. "Kila mtu ameona. Sikuona ombi lako, nikasema labda umechoka, hutaki."

"Jikoni ni hatua arobaini kutoka hapa. Nimezihesabu sasa hivi nikija. Watu mia tatu na kumi na mbili umewafikia, mimi hatua arobaini zimekushinda?"

"Sikutaka kukushinikiza..."

"Picha ulinishinikiza vizuri tu. 'Inua, Noreen. Tabasamu, Noreen.' Mtu anatafuta wa kumrithi mtu, anamwambia atabasamu! Hata ng'ombe wa mnadani hawamwambii acheke."

Kule nje Glenys alishindwa kujizuia. "Shoga, kosa langu pia, ningekuuliza..."

"Wewe nyamaza, Glenys. Wewe ndiye uliyenichekesha."

Bi. Whitlow akashusha pumzi. Si mwanamke mbaya. Mbaya angekuwa rahisi zaidi. "Sikiliza. Nitaongea na mwenyekiti wa bodi, hatakataa. Tunaufungua tena ukurasa mpaka kesho saa sita. Omba, na Alhamisi utaingia kwenye usaili sawa na Craig."

"Sawa na Craig."

"Ndiyo. Ila lazima upitie ukurasani kama wengine, ili iwe haki. Ni rahisi, tazama, unabonyeza hapa." Akageuza simu yake, akainyoosha juu ya meza.

Noreen akainama. Akajiona tena, trei juu, wavu upande, na chini ya kidevu chake yale maneno: Je, huyu anaweza kuwa wewe?

"Nibonyeze wapi, mwanangu?" aliuliza polepole. "Hapa kwenye meno yangu?"

"Chini kidogo..."

"Niombe kuwa mimi."

Bi. Whitlow akailaza simu mezani. Akashika lililokuwa karibu. "Na kitu kimoja, Noreen. Vyovyote itakavyokuwa, Alhamisi Craig atapika kwa majaribio. Picha imewaahidi watu pai. Ungemwelekeza kidogo, jinsi unavyoifanya..."

Noreen alifungua kamba za aproni. Akaikunja mara mbili, kingo juu ya kingo, akaiweka mezani, juu ya simu, juu ya uso wake mwenyewe. Akavua wavu wa nywele, akauweka juu ya aproni. Kisha akatoka, akalitoa koti lake kwenye msumari wa korido, chini ya ule ubao usio na karatasi hata moja.

"Shoga, na pai?" Glenys alimnong'oneza.

"Zinaiva saa sita kasoro dakika kumi. Mwambieni yule wa kwenye picha azitoe."

Bi. Whitlow alimfuata mpaka mlango wa mbele. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. "Noreen! Noreen, utaomba? Kesho utakuja?"

Noreen alikuwa amefika kwenye geti. Akainua kola ya koti, akafungua geti, akalirudishia vizuri nyuma yake kama linavyotakiwa kufungwa wakati watoto wako ndani, akashika njia ya kuteremka mjini.