Homa Juu ya Misigiri

Kila asubuhi ya mashindano rubani hulamba kidole, hukiinua kupima upepo, kisha huvutavuta moja moja kamba za lile bawa la turubai analoning'inia chini yake angani. Leo alikuwa na homa kali. Sijaona, anayemfuata chini kwa pikapu, aliwaambia waandaaji kwamba rubani ana homa. Wakamjibu kwamba jina limeshatangazwa, aruke tu.

Akaruka. Alitapika angani, na kilomita thelathini mbele akatua vibaya kwenye alizeti za bibi mmoja wa Misigiri. Sijaona alimkuta amepiga magoti, midomo imemkauka, akisema kwa ile sauti yake ya chini, "Shikamoo, bibi. Nisamehe, nimekuvunjia alizeti."

"Marahaba. Alizeti tutapanda tena, mwanangu. Kunywa maji kwanza."

Redio iliyofungwa begani mwa rubani ikakoroma, mwandaaji mmoja akiuliza: "Vipi, bawa limevunjika?"

Sijaona aliichomoa. "Bawa ni zima," alisema. "Mgonjwa ni mtu, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuulizia." Akaizima, akamwegemeza rubani begani, wakaenda zahanati. Bawa wakaliacha shambani.