Konzi Moja Zaidi ya Kimea

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane za jioni, sufuria yangu ya uji ilianza kukoroma. Naandika haya kwa kuwa nimechoka kuulizwa: mtaa mzima wa Kibokoni una masimulizi yake ya jioni ile, na yangu ndiyo yenye aibu zaidi, maana mpishi nilikuwa mimi.

Marehemu mama yangu alikuwa akiweka uji barazani kila Ramadhani kwa ajili ya mahamali wa mikokoteni, ambao magharibi huwakuta bado njiani. Alipofariki nikasema uji ule hautakatika mikononi mwangu. Lakini bei ya sukari ilikuwa ikinilemea, nami nilikuwa nimesoma (hujisomea mwenyewe, chuo sikwenda) kwamba mtama ulioota una vimeng'enya vinavyoukatakata wanga wa nafaka mpaka ukawa utamu, bila hata kijiko cha sukari. Basi nikaotesha mtama, nikauanika darini, nikausaga, nikapata kimea.

Siku yenyewe, baada ya daku, nikapika uji wa mtama, nikangoja upoe hadi nyuzi sitini na tano, nikatia kimea na kuifunika sufuria kwa blanketi. Baadaye nikadondosha iodini kwenye kijiko cha uji: haikugeuka buluu, yaani wanga umekwisha. Hapo ilitakiwa niuchemshe, basi. Lakini nikawaza kwamba kuchemsha kutaviua vimeng'enya vyangu, na pengine utamu haujatosha, kwa hiyo uji ulipobaki vuguvugu nikaongeza konzi moja ya kimea kibichi, nikafunika tena, nikaenda zangu kazini.

Alasiri nilimkuta mke wangu, Mwanaisha, amesimama jikoni ananusa.

"Baba Zuhura, uji huu umeuonja?"

"Nimefunga."

"Mpishi huonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Marehemu mama alikuwa akifanya hivyo hivyo."

"Nina kipimajoto, nina iodini. Ulimi wa nini?"

"Haya. Wape iodini wafungulie."

(Kimea kibichi huja na chachu yake kwenye maganda. Hilo pia nilikuwa nimelisoma, ila kwenye ukurasa mwingine.)

Nikakifunga kifuniko kwa kamba ili uji usimwagike ngazini, nikauteremsha hadi barazani, na hapo ndipo sufuria ilipokoroma, mahamali wakatazamana, mimi nikajitia kukohoa. Adhana ikatoka. Wakala tende, wakanywa maji, wakanyoosha mabakuli. Nikafungua kamba, na povu likapanda kama lililokuwa likiningoja, likashuka ubavuni mwa sufuria, likatambaa kwenye mkeka aliokuwa akiutandika mama, na harufu ikafika baraza ya jirani kabla sijakirudisha kifuniko.

"Yakhe!" jirani akaita. "Leo twafungua ama twalewa?"

Watu wakacheka. Mahamali hawakucheka, kwani walikuwa wamesukuma mizigo mchana kutwa na hawakuwa na nguvu ya kucheka. Ali Mapindi, mkubwa wao, aliliweka bakuli lake chini taratibu, likiwa tupu.

"Tuwie radhi, Bwana Twahir," akasema. "Mamako alikuwa akitupatia uji."

Wakaondoka. Uji wangu nikaumwaga mtaroni, nao, kwa kuwa ulikuwa mwepesi kama maji (kazi ya vimeng'enya, ile ilifanikiwa), ukateremka na kichochoro chote mbele ya watu wanaokwenda kusali, kila mmoja akikunja kanzu na kugeuka kutazama mlango ulikotoka.

Kesho yake nikapika uji wa sukari na pilipili manga. Magharibi ilipokaribia akaja Ali peke yake, akasimama mbali na mkeka. Nikachota, nikaugusa kwa ncha ya ulimi, nikatema mtaroni, mbele yake na mbele ya baraza yote ya jirani.

"Je?" akauliza.

"Mtamu."

Akasogea hadi ukingoni mwa mkeka. "Basi ngoja nikawaite wenzangu."

Tangu siku hiyo huonja, na kipimajoto nimekirudisha sandukuni. Sukari niliyookoa kwa mkasa wote ule ni kilo mbili: shilingi mia tatu na ishirini.