Nicolasa na Viazi vya Jicho Jekundu

Kwa miaka kumi na mmoja Nicolasa Choquevilca aliosha vyombo vya maabara katika chuo kikuu kimoja mjini Cochabamba. Chupa aliyoiosha yeye ungeweza kumnyweshea mtoto mchanga. Wanafunzi waliingia, wakasoma, wakahitimu. Yeye alibaki palepale kwenye sinki, mikono majini, masikio darasani.

Siku moja akamsikia Wilmer, kijana wa mwaka wa pili, akimwambia mwenzake kwamba virusi vya viazi havifiki kwenye ncha kabisa ya chipukizi. Nicolasa akafunga bomba.

"Eti ukiikata hiyo ncha ukaiotesha, unapata mmea usio na ugonjwa?"

"Ndiyo, mama. Ila ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Si mchezo."

Kwao Wayllapata, juu milimani, mama yake Fortunata alikuwa amepanda viazi vya jicho jekundu tangu alipokuwa bibi harusi. Sasa majani yalijikunja, na viazi vyenyewe vilitoka vidogo kama gololi. Majirani walikwisha kuviacha, wakahamia mbegu ya dukani. Fortunata alikataa katakata, akawa anavuna kikapu kimoja pale alipozoea kuvuna magunia.

Nicolasa alikuwa ameacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu. Akarudi kumaliza sekondari kwa masomo ya jioni, kisha akafanya mtihani wa kuingia chuo. Akafeli. Akafanya tena, akafeli tena. Mara ya tatu karani wa dirishani akamtazama.

"Wewe tena?"

"Mimi tena. Si umeshanizoea?"

Safari hiyo alipita. Alianza shahada ya bioteknolojia akiwa na miaka thelathini na saba: asubuhi darasani, mchana kazini. Kemia ilimtoa jasho. Aliirudia mara mbili. Kuna siku alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye kiti chake. Wenzake walimwita bibi, naye akawaita wajukuu, akawagawia mahindi ya kukaanga.

Mwaka wa mwisho ulipofika, Profesa Elvira Terrazas alimshauri afanye utafiti wake kwa viazi vya ghala la chuo, ambavyo tabia yake ilijulikana.

"Nataka vya mama," Nicolasa akasema.

"Vya mama yako vimeoza kwa ugonjwa, Nicolasa."

"Ndiyo maana, Mwalimu."

Alikata ncha sitini, akazitia kwenye vichupa vyenye rojo la chakula cha mimea. Siku ya nne vyote vilikuwa vimevaa ukungu mweupe. Akarudia sitini nyingine. Mambo yakawa yaleyale. Wilmer, ambaye sasa alikuwa msaidizi wa maabara, akacheka.

"Bibi, rudi tu kwenye sinki. Kule ulikuwa bingwa."

"Sinki narudi kila siku saa nane mchana, mwanangu. Niache kwanza nimalize hii."

Alijibu kwa kicheko, lakini neno lile lilimchoma. Akakaa akifikiri. Vichupa alivyovijaza rojo tupu bila kutia ncha havikuota ukungu hata kimoja. Kwa hiyo kosa halikuwa la vichupa wala la rojo. Uchafu ulikuja na kiazi chenyewe, katika udongo wa Wayllapata. Basi akachemsha mchanga, akaoteshea viazi humo ndani ya kabati la joto, na kumwagilia chini tu, jani lisiguswe na tone. Machipukizi yakatoka safi. Akakaa mbele ya hadubini, akazuia pumzi, akakata ncha tisini. Kumi na moja ziliota. Zilipopimwa, tano hazikuwa na virusi.

Profesa Terrazas aliisoma karatasi ya majibu, akavua miwani.

"Mimi mara yangu ya kwanza nilipata mbili."

Siku Nicolasa alipoutetea utafiti wake, Fortunata alishuka kutoka milimani, akakaa safu ya mbele na kofia yake kichwani. Watahini walipouliza kama kuna mwenye swali, akasimama.

"Mimi ninalo. Vikichemshwa vitakuwa vya unga kama zamani, au vya majimaji kama hivyo vya dukani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nicolasa hakucheka.

"Ni vilevile, mama. Nimeviondolea ugonjwa tu, tabia yake sikuigusa."

"Haya, mpeni cheti chake."

Wakampa, tena kwa alama za juu. Wilmer alikuwa wa kwanza kuinuka kupiga makofi.

Misimu mitatu baadaye, mbegu ilipokwisha kuzaana vya kutosha, shamba la Fortunata lilitoa viazi vikubwa kama ngumi. Walivioka palepale kwenye tanuri la madongoa, wakavila kwa jibini na pilipili. Majirani waliokuja kushangaa waliondoka na mbegu. Wanawake wanne wa kijiji sasa wanajifunza kwa Nicolasa kukata ncha, na mmoja wao, Saturnina, ameshafeli mtihani wa chuo mara moja na anajiandaa kuurudia.