Upande wa Kulia

Fundi bodi anayejiundia uani gari aliloliona kwenye sinema hapigi nyundo kabla hajaiuliza sinema hiyo. Hufuta mikono kwenye ovaroli, hukimbilia sebuleni, huisimamisha picha pale gari linapokata kona, hulipima kwa rula juu ya kioo cha televisheni, kisha hurudi uani akinong'ona ile namba asije akaipoteza njiani. Mtu akimsalimia hapo katikati, inabidi aanze upya. Mkewe amejifunza kunyamaza. Kelele za bati ameshazizoea. Kinachomkosesha raha ni zile kucha anazozitafuna mumewe mpaka zinatoa damu, kwa sababu sinema nzima gari lile linaonekana upande wa kushoto tu. "Baba watoto, si ubuni tu? Nani atajua?" "Nikibuni, litakuwa gari langu, si lile," alijibu, kama mtu aliyeambiwa akaibe. Wiki nzima aliutafuta upande wa kulia asiuone. Jana akaamua kuuziba upande wa kulia kwa bati zima, akalisugua kwa msasa, akalipapasa kwa kiganja huku amefumba macho. Leo akamwita mkewe aje aone. Mkewe akachungulia ndani, akakuta kiti kimoja, maana kwenye sinema dereva huwa peke yake. "Na mimi nitapandia wapi?" Fundi akamtazama, akalitazama bati. Kisha akakimbilia sebuleni, akairudisha sinema mwanzo kabisa, akapiga magoti mbele ya kioo, akaanza kumtafutia mlango.