Neno Nililolipenda kwa Mlio Wake

Nakumbuka Jumapili moja ya Februari, mwanangu, theluji imejaa kwenye maegesho ya kituo cha jumuiya yetu ya Waislamu kule Thornhill, ughaibuni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mhariri wa jarida la jumuiya, na nilijiona bingwa wa Kiingereza. Jafari, kijana ambaye posa yake ilikuwa imekubaliwa, alikuwa akizungusha gari lake kwenye theluji kwa mchezo. Likateleza, likaangusha uzio. Aliomba radhi siku hiyo hiyo.

Mimi nikaandika habari. Sikumtaja jina, lakini nani hakulijua gari lile? Neno la kawaida la mhuni nililiona jepesi, nikachagua la vitabu vya zamani: miscreant. Nililipenda kwa mlio wake. Kamusi sikufungua.

Baba wa mchumba wa Jafari aliifungua. Akakuta kwamba asili ya neno lile ni mtu wa imani potofu, aliyeipa dini kisogo. Maana ya mhalifu ilikuja baadaye. Wakairudisha posa.

Mama Jafari alinikuta jikoni kwenye kituo, akina mama wakimenya vitunguu.

"Wewe bwana gazeti, mwanangu umemwita kafiri?"

"Hapana, mama. Siku hizi maana yake ni mhuni tu."

"Basi ungeandika mhuni. Uhuni wake naujua, nimemlea nao. Hilo la ukafiri umelitoa wapi?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Toleo lililofuata niliandika masahihisho, mistari mitatu chini ya ratiba ya swala. Nani husoma masahihisho? Maji yakimwagika hayazoleki. Binti akaolewa kwingine, Jafari akahamia Calgary. Alirudi kumzika mama yake. Akanipa mkono huku akitazama pembeni. Kwa mama yule sikuwahi kwenda kuomba radhi. Kila mwaka nilisema nitakwenda, na nyumba yake haikuwa mbali.

Mwanangu, tukikusemesha Kiswahili unajibu Kiingereza, nami sikulaumu. Ila wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa kuazima hukwaa zaidi. Usimpe mkosaji jina zito kuliko kosa lake. Uliza neno limetoka wapi, na atakayelisikia atalipokeaje. Usipokuwa na hakika, sema alichofanya, unyamaze.

Mungu akulinde na kalamu yako, na kila utakayemkosea akuwekee hai mpaka umfikie.