Goli Lililoingia Harusini

Mimi ni sekretari wa kanisa moja hapa Bukavu, na siku moja, harusi ikiendelea kanisani, nilijificha ofisini nikacheza mchezo wa mpira kwenye kompyuta. Haukutoa sauti. Kompyuta yetu ni ya Linux, mfumo unaowashinda wengi, nami hujisifu kwamba naijua. Nikafungua mipangilio, nikachagua njia nyingine ya sauti, nikaipandisha hadi mwisho. Kimya. Basi nikacheza hivyo hivyo, nikafunga goli.

Mlango ukasukumwa. Aliingia maman wa bibi harusi, kilemba kimekaa upande.

"Tonton, zima ile kintu! Pasta ameuliza mutoto wangu kama anakubali, mabafle, zile spika zote za kanisa, zikajibu: Goooli!"

Nyuma yake Pasta mwenyewe alikuwa akisoma matokeo kwenye skrini.